Mfumo Endeshi wa Commodore 64: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani, iliingia sokoni Marekani mwaka 1982 ikiwa na RAM (kumbukumbu inayoandikika) ya KB 64 na ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) ya KB 20. Mfumo wote wa kuiendesha umo ndani ya hizo KB 20, na kila ujumbe unaouona kwenye skrini una sababu unayoweza kuifuatilia hadi kwenye anwani yake. Majibu haya yanamfaa anayetumia mashine yenyewe na anayetumia emuleta (programu inayoiga mashine) kama VICE.

Nikiwasha, mfumo endeshi unapakiwa kutoka wapi?

Haupakiwi. Umo tayari ndani ya chipu za ROM: BASIC V2 (KB 8, anwani 40960 hadi 49151), Kernal (KB 8, anwani 57344 hadi 65535) na chipu ya maumbo ya herufi (KB 4). Kernal ndiyo inayosoma kibodi, kuandika kwenye skrini, kuendesha kaseti na kuwasiliana na draivu na printa. BASIC ni mkalimani wa lugha, na papo hapo ndiyo mahali pa kuandikia amri. Ukiona READY. basi uko ndani ya BASIC, hakuna kitu kingine juu yake wala pembeni yake.

Ni nini kinafanyika kabla ya READY. kutokea?

Prosesa ya 6510 inasoma anwani iliyohifadhiwa kwenye baiti 65532 na 65533, kisha inarukia 64738. Ndiyo maana SYS 64738 (SYS ni amri ya kurukia anwani) huanzisha mashine upya bila kuzima swichi.

Kwanza kabisa Kernal inachungulia anwani 32772. Ikikuta pale baiti tano za alama ya CBM80, inaiachia katriji mashine nzima, na gemu inaanza papo hapo. Isipoikuta, inaandaa chipu za kuingizia na kutolea data, kisha inaanza kupima RAM kuanzia 1024 kwenda juu. Kila baiti inaandikwa 85, inasomwa, inaandikwa thamani nyingine, inasomwa tena, halafu inarudishiwa thamani iliyokuwa nayo. Kipimo kikifika 40960 kinakuta ROM ya BASIC: kinachosomwa si kilichoandikwa, kwa hiyo Kernal inahesabu kwamba kumbukumbu imeishia hapo. Kazi hiyo ndiyo inayokula sekunde mbili tatu unapongoja picha. Baada ya hapo skrini inasafishwa na BASIC inakabidhiwa usukani.

Zingatia hilo la kurudisha thamani. Kwa sababu yake programu yako haifutiki ukianzisha mashine upya kwa SYS 64738. Inapotea machoni tu. Tazama swali la NEW hapo chini.

Mashine ina KB 64. Mbona inaandika 38911 BASIC BYTES FREE?

Programu ya BASIC inaanzia anwani 2049 na inakomea kabla ya 40960, na 40960 ukitoa 2049 unapata 38911. Chini ya 2049 kuna kumbukumbu ya kazi ya mfumo na skrini yenyewe (1024 hadi 2023). Juu ya 40960 kuna ROM ya BASIC, kisha KB 4 zilizo huru kuanzia 49152 ambazo BASIC haizigusi. Hizo waandishi wa lugha ya mashine wanazipenda sana. Kuanzia 53248 ni chipu za picha, sauti na viunganishi, na mwisho Kernal.

Namba ikiwa 30719, kuna katriji imeshika kumbukumbu kuanzia 32768. Ikiwa ni namba nyingine ndogo na hakuna katriji, kuna chipu ya RAM mbovu, na namba hiyo inakuonyesha kipimo kilikwama wapi.

PRINT FRE(0) ikikupa -26627 usishtuke. BASIC inaichukua namba hiyo kama yenye alama, hivyo chochote kinachozidi 32767 hutoka hasi. Jumlisha 65536 upate jibu halisi.

RAM iliyo chini ya ROM naweza kuitumia? Naweza kuibadilisha BASIC yenyewe?

Ndiyo, na hapa ndipo mashine hii inapofundisha zaidi. Ukisoma anwani ya ROM unapata ROM, lakini ukiandika kwenye anwani hiyohiyo, baiti inatua kwenye RAM iliyo chini yake. Kwa hiyo unaweza kuinakili BASIC nzima juu yake yenyewe, ukarekebisha nakala, kisha ukaiondoa ROM kwa kubadilisha baiti ya anwani 1. (POKE huandika baiti kwenye anwani, PEEK huisoma.) Neno READY. lina herufi sita pamoja na nukta, na TAYARI nalo lina sita, kwa hiyo linaingia bila kusukuma kitu chochote:

10 FOR I=40960 TO 49151:POKE I,PEEK(I):NEXT
20 FOR I=0 TO 5:READ A:POKE 41848+I,A:NEXT
30 DATA 84,65,89,65,82,73
40 POKE 1,54

Andika RUN, subiri kama dakika moja, na mashine itakujibu TAYARI. Ukibonyeza RUN/STOP pamoja na RESTORE, Kernal inarudisha anwani 1 kwenye 55 na READY. inarudi. POKE 1,54 inakurudishia TAYARI, maana nakala bado iko kwenye RAM.

Ukiandika POKE 1,54 kabla ya kunakili, mashine inaganda mara moja: prosesa inaendelea kutekeleza BASIC mahali ambapo sasa pana takataka. POKE 1,53 ni kali zaidi, inaondoa BASIC na Kernal pamoja, hata RUN/STOP na RESTORE haviwezi kukuokoa.

Kwa nini BASIC V2 haina amri za picha, sauti wala diski?

Kwa sababu si BASIC iliyoandikwa kwa ajili ya mashine hii. Commodore ilichukua leseni ya BASIC ya Microsoft mwaka 1977 kwa ajili ya PET, kompyuta yake ya awali, ikaitumia tena kwenye VIC-20 iliyofuata, na kwenye 64 ikaingia karibu kama ilivyo ili itoshe kwenye KB 8. Chipu za picha na sauti zilikuwa miongoni mwa zilizo bora sokoni, ila lugha haikuzijua, ndiyo maana kila kitu kinafanywa kwa POKE: POKE 53280,0 kwa rangi ya ukingo, POKE 53281,0 kwa rangi ya katikati, na sauti kuanzia 54272. Plus/4 ya mwaka 1984 ilikuja na BASIC 3.5, na Commodore 128 ya 1985 ilikuja na BASIC 7.0, zote mbili zina amri hizo.

Programu yangu inaonekana sahihi lakini inatoa ?SYNTAX ERROR au majibu ya ajabu.

Anza na majina ya vigeu. BASIC V2 inatazama herufi mbili za mwanzo tu, kwa hiyo MAJI na MATUNDA ni kigeu kimoja, MA. Ukiweka thamani kwenye kimoja umeibadilisha na ya mwenzake, bila onyo lolote.

Pili, jina lisibebe amri ndani yake. Anayeandika kwa Kiswahili anakwama hapa mara nyingi: MTOTO ina TO mbili, ONGEZA inaanza na ON, FORODHA inaanza na FOR. Yote matatu yanaleta ?SYNTAX ERROR. Salama ni kutumia majina ya herufi mbili na kuweka maelezo kwenye REM, mstari ambao BASIC hauutekelezi.

Tatu, mstari mmoja wa programu hauzidi herufi 80, yaani mistari miwili ya skrini. Ukizidisha, kinachohifadhiwa ni kipande tu.

Nne, alama za nukuu. Ukishafungua nukuu, vitufe vya kusogeza kishale havisogezi tena, vinaandika alama. Hiyo ni makusudi, ndivyo unavyoweza kuweka rangi na mienendo ya kishale ndani ya PRINT. Kutoka, funga nukuu, au bonyeza SHIFT na RETURN uende mstari wa chini bila mstari huo kutekelezwa.

Na kama programu haikosei bali inasimama kimya kwa sekunde nyingi kisha inaendelea, BASIC inakusanya nafasi zilizoachwa na maandishi ya zamani. Kadiri vigeu vya maandishi vilivyo vingi ndivyo muda unavyorefuka, hasa ukiwa na safu kubwa. Hakuna dawa zaidi ya kupunguza vigeu hivyo. Wengine hujaribu kuharakisha kwa vigeu vya namba kamili vyenye alama ya %, lakini BASIC huvigeuza kuwa namba za desimali kabla ya kukokotoa, kwa hiyo hupati kasi. Faida yake ni nafasi kwenye safu.

Nimeandika NEW kwa bahati mbaya. Programu imepotea?

Bado, mradi hujaandika mstari mpya wala kigeu chochote. NEW inaweka sifuri mbili mwanzoni mwa programu na kurudisha vielekezi. Maandishi yenyewe hayaguswi. Andika hii bila nafasi, mstari mmoja, kisha RETURN:

POKE2050,8:SYS42291:POKE46,PEEK(35)-(PEEK(781)>253):POKE45,PEEK(781)+2AND255

Baada yake andika CLR peke yake, kisha LIST. SYS 42291 ni ile sehemu ya BASIC inayounganisha mistari upya, na hizo POKE mbili zinaeleza programu inaishia wapi. Usiziruke, kwa sababu SAVE inategemea kielekezi hicho: LIST itakuonyesha programu nzima lakini SAVE itahifadhi patupu. Njia hii inafaa pia baada ya SYS 64738. Baada ya kuzima umeme haisaidii.

Kuna tofauti gani kati ya ,8 na ,8,1?

8 ni namba ya draivu. Bila ,1 Kernal inapakia faili mwanzo wa eneo la BASIC, hata kama ilihifadhiwa kwingine. Ukiweka ,1 inapakia kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya baiti mbili za kwanza za faili. Programu za BASIC tumia ,8. Za lugha ya mashine tumia ,8,1.

Ukishapakia faili ya lugha ya mashine kwenye 49152, amri yoyote ya kawaida inaweza kukupa ?OUT OF MEMORY ERROR. Kumbukumbu haijajaa. LOAD imesogeza kielekezi cha mwisho wa programu hadi mwisho wa faili, na BASIC inaona hakuna nafasi ya vigeu. Andika NEW, kisha SYS 49152. NEW haigusi eneo hilo.

LOAD"$",8 nayo inaleta orodha ya faili kana kwamba ni programu, kwa hiyo inafuta iliyopo. Hifadhi kwanza ndipo uangalie orodha.

DOS ya diski iko wapi kama haimo kwenye zile KB 20?

DOS, yaani programu inayosimamia diski, iko ndani ya draivu. Draivu ya 1541 ni kompyuta kamili: ina prosesa yake ya 6502, RAM ya KB 2 na ROM ya KB 16 yenye DOS 2.6. Kernal inaituma tu maneno kupitia waya, na draivu inafanya kazi yenyewe. Diski ina nyimbo (duara za data) 35 na sekta 683 za baiti 256. Orodha ya faili imewekwa wimbo wa 18, katikati, ili kichwa kisisafiri mbali. Zinabaki bloku 664 za kutumia na nafasi ya faili 144.

Kuandaa diski mpya:

OPEN 15,8,15,"N:HATI,01":CLOSE 15

HATI ni jina na 01 ni kitambulisho; kila diski ipewe chake, kwa kuwa draivu inakitumia kutambua kwamba diski imebadilishwa. Kazi inachukua zaidi ya dakika moja. Kufuta faili ni "S:JINA", kubadilisha jina ni "R:JIPYA=ZAMANI", zote kwa OPEN ileile. Tumia diski za inchi 5.25 za DD. Za HD zina sumaku inayohitaji nguvu ambayo kichwa cha 1541 hakina, na data haidumu.

Taa ya draivu inapepesa. Inasema nini?

Kuna kosa, na draivu inangoja uliulize. INPUT# haikubali kutumiwa nje ya programu (utapata ?ILLEGAL DIRECT ERROR), kwa hiyo andika mistari yenye namba kubwa isiyogongana na yako:

63000 OPEN 15,8,15:INPUT#15,A,B$,C,D
63010 PRINT A;B$;C;D:CLOSE 15

Kisha RUN 63000. 26 ni diski iliyozibwa isiandikwe, 62 faili haipo, 63 jina limeshatumika, 72 diski imejaa, 74 draivu haina diski au haijawa tayari. Namba 20 hadi 29 zinahusu kusoma na kuandika sekta, na C na D zinakutajia wimbo na sekta yenyewe. 73 baada ya kuwasha si kosa. Ni draivu ikitaja toleo lake la DOS.

Faili yenye nyota kando ya aina yake haikufungwa vizuri. Usiifute kwa S:, kwa sababu minyororo yake ya bloku inaweza kuingia kwenye faili nzima nyingine. Tumia OPEN 15,8,15,"V":CLOSE 15. Ila usiitumie V hiyo kwenye diski za GEOS, mfumo wa madirisha unaoelezwa mwishoni. DOS haiujui muundo wa faili zake na itaharibu.

Epuka pia SAVE"@0:JINA",8. Ina hitilafu ndani ya DOS inayoweza kuharibu faili nyingine. Futa kwa S: kisha SAVE upya.

Mbona 1541 ni ya polepole namna hii?

Inapata baiti 300 hadi 400 kwa sekunde. Chanzo ni VIC-20: chipu yake ya 6522 ilikuwa na kasoro katika kutuma biti mfululizo, hivyo Commodore ikatuma kila biti kwa programu badala ya chipu. Commodore 64 ikarithi utaratibu huo ili viunganishi vibaki vilevile, na ukapunguzwa kasi tena kwa kuwa chipu ya picha huisimamisha prosesa mara kwa mara ili isome kumbukumbu. Katriji za kuharakisha, na JiffyDOS ambayo inabadilisha Kernal na ROM ya draivu, zinarekebisha hilo. JiffyDOS inachukua nafasi ya sehemu ya kaseti, kwa hiyo ukiiweka kaseti hazisomeki mpaka urudi kwenye Kernal ya asili.

Na kaseti?

LOAD peke yake, kisha PLAY. SHIFT na RUN/STOP kwa pamoja inapakia na kuanzisha. Skrini inazimika kwa makusudi, ili chipu ya picha isivuruge vipimo vya muda. Kernal inaandika kila kitu mara mbili ili nakala moja isahihishe nyingine, ndiyo maana KB 10 zinachukua zaidi ya dakika tatu. ?LOAD ERROR ikijirudia, safisha kichwa kwa spiriti na pamba kwanza. Kaseti zako zikisomeka na za watu zikikataa, ni skrubu ya kuelekeza kichwa inayotaka kurekebishwa kidogokidogo.

Nitajuaje nina toleo gani la Kernal?

PRINT PEEK(65408). 170 ni la kwanza, 0 la pili, 3 la tatu. Tofauti inayoonekana ni rangi: la kwanza husafisha skrini kwa kujaza kumbukumbu ya rangi nyeupe, la pili kwa rangi ya nyuma, la tatu kwa rangi ya maandishi. Kwa hiyo POKE 1024,1 inaonyesha A kwenye la tatu, lakini kwenye la pili herufi haionekani kwa sababu ina rangi ya nyuma yake. Programu ikiweka pia POKE 55296,14, A itaonekana kwenye matoleo yote.

Mashine imeletwa kutoka Marekani. Niiwashe?

Si kwa adapta yake. Ile ni ya volti 120, na umeme wa Kenya, Tanzania na Uganda ni 230 hadi 240. Tafuta adapta ya volti 240. Picha yake ni NTSC, mfumo wa runinga wa Marekani; PAL ni ule wa Ulaya. PRINT PEEK(678) inajibu 0 kwa NTSC na 1 kwa PAL. Kernal huipima kila inapowashwa. Runinga isiyokubali NTSC itaonyesha picha isiyo na rangi au inayotembea.

Nimewasha, skrini ni nyeusi.

Kabla ya kingine chochote pima adapta, ikiwa imechomolewa kwenye kompyuta. Pini 5 na 2 zitoe volti 5 za DC, pini 6 na 7 kama volti 9 za AC. Adapta za zamani zilizojazwa plastiki ngumu ndani zina ubaya mmoja: kirekebishi cha volti 5 kinapoharibika, volti hupanda, na chipu za RAM huungua. Ikizidi 5.25 usiiunganishe tena kamwe.

Adapta ikiwa nzima, fungua na uangalie fyuzi iliyo kwenye bodi. Inalinda volti 9, na kwenye bodi za zamani bila hizo chipu ya picha haipati volti 12 zake. Halafu jaribu katriji. Katriji ya Dead Test inafanya kazi bila kutegemea Kernal, na ikikuta RAM mbovu inapepesa skrini kwa idadi inayokutajia chipu ipi. Nyeusi hata hivyo, mshukiwa mkubwa ni PLA, chipu inayochagua RAM au ROM kwa kila anwani, iliyoandikwa 906114-01, kwenye soketi U17 ya bodi za awali.

Mashine ikiwaka lakini herufi ni vijisanduku visivyosomeka, tazama ROM ya herufi, 901225-01. Skrini ya bluu bila maandishi huelekeza kwenye BASIC, 901226-01. Kernal ni 901227. ROM hizi zina pini 24, na EPROM (chipu ya ROM unayoweza kuiandika mwenyewe) ya 2764 ina pini 28, hivyo inahitaji adapta ya soketi. Usijaribu kuibana ikae. Kwenye bodi fupi za mwisho za 64C, toleo la baadaye la mashine hii, BASIC na Kernal zimeunganishwa katika chipu moja, 251913-01, na zinabadilishwa kwa pamoja.

Je, naweza kutumia mfumo mwingine?

GEOS ya Berkeley Softworks, ya mwaka 1986, inakupa madirisha, ikoni na kishale kinachoendeshwa kwa joystiki au mausi, ndani ya KB 64 zilezile; iliuzwa pamoja na 64C. Kwa kuandika barua na kuchora bado inatumika vizuri, hasa ukiwa na draivu mbili. CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta za ofisini za wakati huo, ilihitaji katriji yenye prosesa ya Z80, na 1541 haisomi diski za CP/M za mashine nyingine, kwa hiyo programu zake zilikuwa ngumu kupatikana. Hatuishauri.